Vitabu Visivyokaa Chini

Saa kumi na moja jioni Tom Mboya Street si barabara ya mtu anayetembea polepole. Makanga wanagonga mabati ya matatu wakiita abiria wa Thika Road, wauza soksi wanapishana na wauza chaja, maofisi yanamwaga watu, na katikati ya miguu yote hiyo, karibu na kituo cha zimamoto, vijana wametandika maturubai na kupanga vitabu. Wanairobi huyaita maduka haya "inama". Mteja hana namna nyingine.

Niliinama. Kushoto vilikuwa vitabu vya shule vilivyokwisha kupita mikononi mwa watoto watatu au wanne, kila mmoja amekata jina la mwenzake na kuandika lake. Katikati, riwaya za mitumba kutoka Uingereza na Marekani, nyingine bado zina mhuri wa maktaba iliyozitupa. Kulia, mahali pa heshima, vile vitabu vya kutajirika na kutawala wenzako ambavyo vimeenea Afrika Mashariki nzima, Rich Dad Poor Dad na The 48 Laws of Power vikiwa mstari wa mbele: karatasi nyepesi, wino uliofifia, picha ya jalada imekaa upande. Ni nakala za wizi na hakuna anayejifanya hajui.

Nilimwuliza muuzaji, kijana aliyevaa kofia ya Gor Mahia, kama ana vitabu vya Wakenya wapya, hasa wale wanaojichapia wenyewe.

"Hao hawakai chini, mzee," alinijibu. "Hao wanakaa kwa begi."

Akavuta begi la mgongoni lililokuwa nyuma ya kigoda chake, akafungua mfuko wa nailoni, akatoa vitabu vitatu vilivyofungwa pamoja kwa mpira. Nikamwuliza kwa nini avifiche wakati ndivyo vinavyohitaji kuonekana. Alinitazama kwa huruma. Kitabu cha mitumba kikinyeshewa, alisema, amepoteza shilingi hamsini. "Hii ikinyeshewa, nalipa mimi. Mwenyewe anapitanga hapa kila Ijumaa." Tena kuna askari wa jiji, kanjo, ambao wakitokea kila mtu anakamata ncha nne za turubai lake na kukimbia, na kinachodondoka hakirudiwi. Vitabu vya kwenye begi vinakimbia salama.

"Na huyo mwenyewe akipita anataka nini, pesa tu?"

"Pesa, halafu anaulizia aliyenunua. Alikuwa mtu wa aina gani. Kama alisoma nyuma ama alianza ndani."

Nilivinunua vyote vitatu bila kusoma nyuma. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na begi nusu tupu kwa kusudi hilo: kuona vitabu vya waandishi wasio na kampuni kubwa nyuma yao vinamfikiaje msomaji katika jiji ambalo, kwa nilivyosikia, limeipata njia. Jibu la kwanza nililipata nikiwa bado nimechuchumaa. Vinamfikia kwa kuaminiana kati ya watu wawili, mmoja wao akiwa na deni.

Ukitaka kuelewa kwa nini riwaya mpya ijifiche kwenye begi, tazama maduka yenye milango ya vioo mwezi wa kufungua shule. Wachapishaji wakubwa wa Kenya wanaishi kwa vitabu vya kiada. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ikiidhinisha kitabu, kinanunuliwa kwa malori. Riwaya ambayo hakuna mwalimu atakayeitungia maswali inakaa kwenye foleni ndefu, na mwandishi wake hujibiwa barua mwaka unaofuata, kama atajibiwa. Kwa hiyo mtu anachukua akiba yake anakwenda River Road, kwenye vyumba vya mashine vinavyochapa pia kadi za harusi na vitabu vya risiti, anachapisha nakala mia mbili.

Wala si jambo jipya. Pembeni mwa turubai lile palikuwa na kitabu chembamba kilichopoteza jalada, na yule kijana aliponiona nakigusa akapandisha bei kabla sijauliza. "Hicho ni cha mzee Maillu." David Maillu alianzisha Comb Books mwaka 1972, akiwa mwandishi, mhariri na mchukuzi wa maboksi yake mwenyewe. Mwaka uliofuata akatoa Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle, na 1974 After 4.30. Vilikuwa vitabu vya kuingia mfukoni, kuhusu makarani, mabaa, mabosi na waandishi muhtasi wao, na viliuzwa kwa watu ambao hawakuwa na desturi ya kuingia duka la vitabu. Maprofesa walikunja pua. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976, na nadhani hapo Dar pakawa na watu wengi waliotaka kumjua Maillu kuliko waliokuwepo wiki moja kabla. Comb Books yenyewe haikudumu, lakini ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba Nairobi kulikuwa na wasomaji ambao hakuna aliyekuwa amewahesabu.

Na sisi tulikuwa na wetu. Elvis Musiba alimtuma mpelelezi wake Willy Gamba kila pembe ya Afrika tangu Kufa na Kupona ya 1974. Ben Mtobwa, baba wa Joram Kiango, alikuja kuanzisha Heko ili vitabu vyake vitoke kwa saa yake. Waliosoma sekondari Tanzania miaka ile walivipokezana chini ya madawati mpaka kurasa za mwisho zikakatika, na wako watu wazima leo ambao hawajui Joram aliponaje.

Asubuhi yake nilipanda Bazaar Plaza, jengo lililopo Moi Avenue pale inapokutana na Biashara Street. Humo ndimo ilimo Nuria, duka ambalo kila mwandishi mdogo wa Nairobi niliyeongea naye alilitaja kabla sijamaliza swali. Lilianzia mtandaoni. Abdullahi Bulle, aliyelianzisha, alikubali kazi ambayo maduka mengi hayakuitaka: kupokea vitabu vya watu waliojichapia, hata akiwa mtu mmoja na boksi moja, kuviweka rafuni na kuvitangaza. Ukiingia unasikia selotepu kabla hujaona kitabu. Nilimkuta mfanyakazi akifunga vifurushi, mwingine akisoma oda kwenye simu, na mwendesha bodaboda akingoja mlangoni na helmeti mkononi. Kitabu kinalipiwa kwa M-Pesa, kinapelekwa Rongai au kinapakiwa kwenye matatu ya Kisii, na mnunuzi anakipokea stendi.

Nilikaa mbele ya rafu muda mrefu kuliko inavyopendeza kwa mteja. Kumbukumbu za maisha ndizo zilizotawala: walimu wakuu wastaafu, maaskofu, wanajeshi, madaktari, watu waliokwenda Marekani wakarudi. Nilizoea kuzidharau kumbukumbu za aina hii, kwa sababu nyingi huandikwa ili wajukuu wajue babu alikuwa nani, na sura tatu za kwanza huwa ni ukoo. Lakini nilifungua moja, ya karani wa reli mstaafu, nikakuta kurasa kumi nzima kuhusu namna tiketi zilivyokuwa zikihesabiwa usiku na namna zilivyoibwa. Hakuna mwanahistoria ambaye angezipata. Niliiweka chini ya kwapa.

Baada ya kumbukumbu vinafuata vitabu vya imani na vya pesa, ambavyo nilivipita. Kisha mashairi, vijitabu vyembamba vyenye kurasa nyeupe nyingi. Kisha riwaya, na hapo nilitoa miwani. Upelelezi, mapenzi, vitisho, hadithi za majini ya Mombasa, simulizi za Kenya ya mwaka 2100 maji yakiwa yanauzwa kwa kadi. Miaka kumi na mitano nyuma, mtu aliyeandika hadithi ya vyombo vya angani Nairobi angeulizwa na mchapishaji kama hiyo ni ya watoto. Sasa anachapisha kwanza, anaulizwa baadaye.

Jalada halinidanganyi tena, maana vijana wanaosanifu majalada Nairobi ni mafundi na wanaweza kumvisha suti mtu yeyote. Mimi huanza na ukurasa wa haki. Natazama kama kuna ISBN, ambayo Kenya hutolewa na huduma ya maktaba ya taifa, na zaidi natafuta jina la mhariri. Likiwapo, nusu ya bei nimekwisha kuikubali. Halafu nafungua katikati. Ukurasa wa kwanza umepigwa pasi na kila rafiki aliyeombwa maoni, lakini ukurasa wa tisini mwandishi alikuwa peke yake, amechoka, ni saa nane usiku, na hapo ndipo unajua kama anasikia watu wakiongea au anawatungia hotuba.

Tusifichane, vingi ni vibaya. Nilifungua riwaya ambayo watu wote walikuwa na sauti moja, ya mwandishi, na nyingine ambayo mvua ilinyesha kila mtu alipohuzunika. Baadhi ni kazi za pupa tu. Zinazouma ni zile za aina ya pili, kazi ambazo zilikuwa nzuri zikakosa mtu mmoja wa kuzikatalia. Mwandishi anayejichapia huwa amebana pesa ya mchapaji, hakubana ya mhariri. Namwelewa. Mchapaji anakurudishia maboksi yenye harufu ya gundi, ndugu wanakuja kupiga picha nayo, ilhali mhariri anakurudishia wino mwekundu na anataka alipwe. Lakini msomaji akinunua kitabu kibaya cha mwandishi asiyemjua, hamkasirikii mwandishi huyo peke yake. Anawaogopa wote walio kwenye rafu ile.

Nikiwa bado nachambua, aliingia mwanamke wa makamo amevaa sweta la buluu juu ya sare ya uuguzi, na nyuma yake mwendesha bodaboda akiwa amebeba boksi. Walimjua. Boksi likafunguliwa, nakala zikahesabiwa kwa sauti, zikaandikwa kwenye daftari, naye akatia saini. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Kitabu chake kilikuwa riwaya ya upelelezi inayoanzia soko la Gikomba, kwenye robota la mitumba lililofunguliwa likakutwa na kitu kisichokuwa nguo. Nilikuwa nayo mkononi tayari, nikiwa ukurasa wa tisini.

Nilimwambia, "Dada, huyu inspekta wako anaongea kama mtu ninayemfahamu."

Alicheka. "Wewe ni wa Tanzania. Mkifungua mdomo naona nimewakosea adabu." Akaketi kwenye boksi tupu, akavua kiatu kimoja. Niliuliza yote ambayo mgeni hapaswi kumwuliza mtu siku ya kwanza. Amechapa nakala mia mbili, na kila moja imemgharimu zaidi kidogo ya shilingi mia tatu. Inauzwa elfu moja. Duka lina fungu lake, ambalo anaona ni halali kwa kuwa wao ndio wanaolipa pango la Moi Avenue. Kodi nayo ina lake: tangu sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2013, vitabu nchini Kenya vinatozwa asilimia 16, na mwandishi huikuta kodi hiyo kwa mchapaji hata kabla kitabu hakijafika kwa msomaji. Kinachobaki kinatosha kuchapa tena na kununua soda.

"Nakala mia za kwanza si biashara," alisema. "Hao ni watu wa chama, kanisa, wadi yangu. Wananunua kwa sababu wananijua, wengine hawatafungua. Kazi ni ile ya mia na moja. Huyo hanijui. Huyo ndiye namtafuta."

Na anamtafutaje? Kwanza kwa kuandika namba yake ya simu kwenye ukurasa wa haki, chini ya ISBN. Nilidhani ni ushamba mpaka nikafungua vitabu vingine rafuni na kukuta karibu kila kimoja kina namba. Pili, kwa vikundi vya kusoma, ambavyo Nairobi vimeota kila mahali: benki fulani ina chake, kanisa lina chake, kinamama wa mtaa mmoja wa Lang'ata wana chao na wanakutana na divai. Ukialikwa na kikundi kimoja, umeuza kumi na tano kwa mkupuo, na unakula chapati ukiambiwa makosa yako. Tatu, alisema huku akiashiria kwa kidevu vijana wa dukani, ni hawa. Mtu akiingia akasema anataka kitu kama Sidney Sheldon, wao ndio wanaonyoosha mkono. Wakinyoosha upande wake, amekula.

Huo mkono unaonyooka umewahi kufanya makubwa. Kwani?, jarida lililozaliwa Nairobi mwaka 2003, mwaka mmoja baada ya mwanzilishi wake, Binyavanga Wainaina, kushinda Tuzo ya Caine, lilikusanya waandishi ambao hakuna aliyejua awaweke wapi. Baadaye Kwani Trust ilitangaza shindano la miswada ya riwaya, na mwaka 2013 mshindi akawa Jennifer Nansubuga Makumbi, Mganda aishiye Manchester, kwa riwaya ambayo wachapishaji wa Uingereza walikuwa wameiona ya Kiafrika kupita kiasi. Kintu ikatoka Nairobi 2014. Miaka mitatu baadaye Transit Books, kampuni nyingine changa ya huko California, ikaitoa Marekani, na 2018 ikafika London kupitia Oneworld. Ilitoka Nairobi kwenda London, na njia nzima ilibebwa na wachapishaji wasio wakubwa. Kinyanjui Kombani naye, mwanabenki, alitoa The Last Villains of Molo mwaka 2004 kwa mchapishaji ambaye wengi hawakumjua. Ilipata wasomaji polepole hadi kampuni kubwa ikaona haya na kuichukua. Na Wanjiru Koinange alitoa The Havoc of Choice, riwaya ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mwaka 2019 chini ya nembo ya Bunk Books, yeye akiwa ndiye, pamoja na Angela Wachuka aliyepata kuiongoza Kwani Trust, aliyejitosa kufufua maktaba za zamani za jiji, ikiwamo ile ya McMillan yenye simba wawili wa mawe, hatua chache kutoka hapo dukani. Ukifuatilia utakuta ni watu walewale. Wanahama na maboksi yao.

Kabla ya kulipa nikauliza swali lililonileta. Riwaya za Kiswahili ziko wapi?

Kijana wa dukani alinipeleka kwenye safu fupi. Hadithi za watoto, diwani chache, na miongozo ya mitihani: mwongozo wa Chozi la Heri, wa Nguu za Jadi, wa Bembea ya Maisha. Riwaya mpya ya Kiswahili ya mtu aliyejichapia, ya kusomwa kwa raha zake, niliikuta moja, nayo mwandishi wake alikuwa wa Mombasa. Kijana hakuwa na la kujitetea, na sikumdai. Duka linauza kile waandishi wanacholeta.

"Kiswahili watu wanaogopa," aliniambia. "Wakiona kitabu cha Kiswahili wanaona mtihani."

Maneno hayo aliyasema kwa Kiswahili. Bei nilizotajiwa Tom Mboya zilikuwa kwa Kiswahili, au kwa Sheng' ambayo ni mtoto wake mtukutu. Oda zilizokuwa zikipokewa kwa simu pembeni yangu zilikuwa kwa Kiswahili. Muuguzi alipomkaripia bodaboda kwa kukwaruza boksi, alimkaripia kwa Kiswahili kitamu kuliko cha inspekta wake. Nilimwuliza kwa nini basi riwaya nzima iko kwa Kiingereza. Alifikiri kidogo. Alisema usiku kucha wodini anaongea Kiswahili, anafariji watu kwa Kiswahili, na amewahi kumpa mtu habari ya msiba kwa Kiswahili. "Lakini nikishika kalamu, mkono unaenda Kiingereza wenyewe. Nahisi mwalimu yuko nyuma yangu na Kiswahili chake ni sanifu, changu si sanifu."

Shule imekifanyia Kiswahili cha Kenya jambo la ajabu: imekipa heshima na kukinyang'anya wapenzi. Mtu aliyekatwa alama kwa ngeli ya I-ZI miaka minne hataandika busu katika lugha hiyo. Hoja ya kwamba lugha zetu haziuziki sikubaliani nayo. Gakaara wa Wanjau alianza kutoa vijitabu kwa Kikuyu katika miaka ya 1940, akakamatwa mwaka 1952 wakati wa Hali ya Hatari, akarudi na kuendelea kuchapa Karatina, na mwaka 1984 akapata Tuzo ya Noma kwa shajara yake ya kizuizini. Wanajalada, kikundi cha waandishi vijana, walichukua ngano ya Ngũgĩ wa Thiong'o mwaka 2016 na kuitoa kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwamo, na watu waliisoma. Wasomaji wapo. Walichofundishwa ni kutovitarajia vitabu hivyo.

Kwetu Dar ugonjwa ni mwingine. Wasomaji wa riwaya za Kiswahili wapo hadi wanakera. Walianza na mfululizo wa hadithi magazetini, wakahamia Facebook, sasa wako kwenye makundi ya WhatsApp. Mwandishi anatoa sehemu ya kwanza hadi ya ishirini bure, anakatisha pale mlango unapofunguliwa na bastola kuonekana, na ukitaka sehemu ya ishirini na moja unatuma buku mbili na kuingizwa kwenye kundi lingine. Wapo waandishi wanaoishi kwa hilo na hawana kitabu hata kimoja cha kushika. Simu ikiibwa, riwaya imekwenda. Wachache, kama Fadhy Mtanga, wamehangaika kuzitoa kazi zao kwenye karatasi na kuzunguka nazo wenyewe. Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, inatoa vitabu vya Kiswahili vilivyohaririwa vizuri, na tangu 2023 Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inawainua waandishi wapya. Lakini duka la katikati ya jiji ambalo fundi seremala wa Mbagala anaweza kupeleka boksi lake la nakala hamsini, akaandikwa kwenye daftari na kuambiwa aje mwisho wa mwezi, mimi silijui. Nimetafuta. Kila nilipouliza niliambiwa niache nakala mbili kwa majaribio, na zile mbili sikuzisikia tena.

Kwa hiyo nilimfanyia yule kijana wa dukani jambo ambalo mteja hafanyi. Nilichukua daftari langu, nikamwandikia majina ya waandishi wa Dar ambao wana kitabu cha kushika, wa upelelezi na wa mapenzi, na nikamweleza basi gani linabeba vifurushi kupitia Namanga. Aliuliza maswali ya mfanyabiashara: nani analipa mzigo ukirudi, bei itapangwa kwa shilingi ya nani, na kama majalada yana mng'ao au ni karatasi ya daftari. Sikuwa na majibu ya yote. Alisema nianze na tano, za mwandishi mmoja, na iwe ya upelelezi. "Mapenzi ya Kiswahili tutajaribu wakishazoea damu," alisema, na sikujua kama anatania.

Nililipa. Bodaboda wa muuguzi alinisaidia kushuka na begi ambalo sasa lilikuwa halifungiki zipu.

Basi la kurudi liliondoka alfajiri, na mpaka tunapita Athi River nilikuwa nimesoma sura mbili za ile riwaya ya Gikomba. Mwanamke huyu anajua kuandika. Maiti yake ina uzito, anajua mkono wa marehemu unavyokuwa baada ya saa sita, na hamalizi sentensi anapojua msomaji ameshaimaliza. Herufi zilizoruka zilikuwepo, nukta zilizopotea zilikuwepo, lakini nilizivumilia kama mtu anavyovumilia mashimo barabara ikiwa inaelekea kwao. Kufika Namanga, tukiwa kwenye foleni ya kugonga mihuri, nikashtuka. Nilirudi nyuma kurasa, nikahakikisha. Kisha nikafungua ukurasa wa haki, nikaandika namba iliyo chini ya ISBN, nikamtumia ujumbe.

"Dada, shikamoo ya Namanga. Kitabu kimenishika. Lakini daktari uliyemuua sura ya pili ndiye anayetia saini cheti cha kifo sura ya tano."

Majibu yalikuja kabla sijafika dirishani.

"Haki ya Mungu! Watu mia na hamsini wamenunua, hakuna aliyesema!"

Na dakika moja baadaye: "Narudi kwa mchapaji Ijumaa. Niandikie yote uliyoona mpaka Alhamisi. Na huyo daktari, nimuue sura ya sita ama nimwache aishi?"

Askari wa uhamiaji alinyoosha mkono akitaka pasipoti. Nilimwomba anisubiri kidogo. Nilikuwa natafuta mahali pazuri pa kumuua daktari.